MBWA AFUNDISHWAVYO, NA MTU ATENDEWAVYO



Mwezi uliopita, saa ya chakula cha mchana, baadhi yetu tulisimama kando ya ua wa waya tukimtazama askari wa ulinzi akimfundisha mbwa mchanga. Tulidhani tutaona kiboko. Hatukukiona. Askari alisema neno moja tu, "Keti," kwa sauti ya kawaida, na mbwa alipoketi, papo hapo alitiwa kipande cha nyama mdomoni. Mbwa alipokosea, askari alimpa mgongo, akanyamaza kidogo, kisha akaanza tena. Tulihesabu vipande vya nyama zaidi ya thelathini, na ukali hatukuusikia hata mara moja. Mwenzetu mmoja akasema, "Huyu mbwa hajapata barua ya onyo tangu azaliwe." Tukacheka. Kisha king'ora kikalia, tukarudi kazini tumechelewa dakika tatu, na fomeni akatupokea kwa matusi ambayo hatuwezi kuyapiga chapa hapa.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza na kusoma habari hizi, na tumeona yafaa tuwaandikie.

Twajua wako watakaokasirika wakisema, "Sisi si mbwa." Ni kweli, na katika nchi hii neno hilo ni zito. Baba na babu zetu walivaa kipande shingoni, kimetiwa katika kikopo cha bati, na wazee wa Kikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Basi hatusemi kwamba mtu ni mbwa. Twasema hivi: ikiwa mbwa mwenyewe hafundishiki vizuri kwa matusi, ni nani aliyewaambia mabwana kwamba mtu hufundishika kwa hayo?

Wataalamu wamelichunguza jambo hili muda mrefu. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya tumbo na chakula, aliona kwamba mbwa wake walitokwa na mate kabla hawajala, kwa kusikia dalili tu ya kwamba chakula kinakuja. Nasi tuliolala karibu na yadi twajua jinsi mtu anavyoshtuka kitandani filimbi ikilia, hata siku yake ya mapumziko. Baadaye B. F. Skinner wa Marekani aliwatia panya na njiwa katika sanduku, akaonyesha kwamba tendo lifuatwalo na jambo jema hurudiwa, na lisilofuatwa na kitu hufifia. Kisha mwanamke mmoja wa Marekani, Karen Pryor, alikuwa akiwafundisha pomboo kule Hawaii. Pomboo humpigi kiboko. Ukimkasirikia ataogelea zake aende. Ikabidi atumie filimbi na samaki: pomboo akifanya vyema filimbi inalia, kisha anapewa samaki. Mwaka 1984 aliandika kitabu akieleza kwamba njia hiyo hiyo yafaa kwa mbwa, kwa watoto na kwa watu wazima.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Pale Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya akipatia husikia mlio mdogo, kisha hupewa ndizi. Panya mmoja wao, jina lake Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Hakuna aliyempiga Magawa ili anuse bomu.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kila mfunza mbwa atakuambia kosa kubwa la mtu asiyejua kazi. Mbwa ametoroka. Bwana wake anamwita, anamwita, anamwita. Mwishowe mbwa anarudi, na bwana kwa hasira anampiga. Bwana adhani amemfundisha asitoroke. Kumbe amemfundisha asirudi. Mbwa hawezi kuiunganisha fimbo na tendo la saa iliyopita. Anaiunganisha na tendo la sasa hivi, nalo ni kuja kwa bwana wake.

Ndugu, yatazameni hayo katika kazi yetu. Katika yadi moja, ambayo hatutaitaja, mtu wa shantingi aliona breki ya mkono ya behewa haikamati. Akaacha kazi, akaenda kumwambia fomeni, kama kanuni isemavyo. Alipata nini? Aliulizwa kwa nini amechelewesha gari. Aliulizwa kama si yeye aliyeiharibu. Jioni alipewa barua ya kujieleza, na kesho yake alipoteza nusu siku akisubiri nje ya ofisi, na nusu siku ile haikulipwa. Breki ilitengenezwa, hilo hatukatai. Lakini watu wote wa zamu ile walikuwa wakitazama. Tangu hapo, kwa miezi mingi, kitabu cha ripoti cha yadi ile kilikuwa safi, na wakubwa wakafurahi wakasema hakuna matatizo tena. Halafu kijana mmoja aliyekuwa akiunganisha mabehewa alivunjwa mkono, kwa behewa ambalo wenzake watatu walijua kwamba halishiki breki. Watatu. Tulipowauliza kwa nini hawakusema, mmoja alijibu, "Tulimwona mwenzetu aliyesema."

Hapo ndipo tunapolaumu, na tunalaumu kwa nguvu. Wakubwa wale hawakutaka kijana aumie. Lakini waliliadhibu neno la kweli na kukituza kimya, wakapata walichokifundisha.

Kuna jambo jingine, nalo ni la kutisha. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walieleza majaribio waliyowafanyia mbwa. Mbwa wengine walipigwa na umeme bila njia yoyote ya kuuzuia. Baadaye walitiwa katika sanduku ambalo wangeweza kuukimbia umeme kwa kuruka kizuizi kifupi tu. Wengi wao hawakuruka. Walilala chini wakalia kimya kimya. Mbwa wengine, ambao mwanzoni waliweza kuuzima umeme kwa kusukuma kwa kichwa, waliruka. Sisi twaona majaribio hayo ni ya ukatili, wala hatuyasifu. Lakini ni nani kati yetu asiyemjua mfanya kazi wa namna ile? Amekatwa mshahara, amenyimwa likizo, ameandika barua tano zisizojibiwa, na leo ukimwambia njoo tudai haki yako anasema, "Haina maana, bwana." Tusimwite mvivu wala mwoga.

Wataalamu wale hawakukomea hapo. Mwaka 2016 waliandika kwamba mwanzoni walilielewa jambo kinyume. Kulala chini ndiko kunakomjia mnyama kwenyewe akiteswa kwa muda mrefu. Kinachofundishwa ni kule kujua kwamba tendo langu lina nguvu. Na mbwa wale walisaidiwaje? Walivutwa kwa kamba hadi ng'ambo ya kizuizi, mara nyingi sana, hata miguu yao yenyewe ikajua kwamba yawezekana. Kwa hiyo mjumbe anayemsaidia mwenzake kudai viatu vya kazi, na viatu vikaja, asidhani amefanya jambo dogo.

Sasa tujikosoe wenyewe. Katika mikutano ya tawi letu, katibu husimama akawagombeza watu ishirini waliokuja kwa ajili ya mia mbili ambao hawakuja. Nusu saa nzima! Wale mia mbili hawamsikii. Wale ishirini wanasikia, na mwezi ujao wanakuja kumi na watano. Mwanachama akija kuuliza michango yake imetumikaje, tunamtazama kama mwizi. Kisha tunasema wanachama hawakipendi chama. (Hata nyumbani ni hivyo hivyo: mtoto aonyeshapo daftari lake, jicho letu huenda kwenye alama ya msalaba kwanza.)

Lakini tusidanganyike. Kuna bwana ambaye akisikia habari hizi atazishika nusu. Atabandika ukutani picha ya mfanya kazi bora wa mwezi, atagawa soda na fulana, na kuhusu mshahara atanyamaza. Mshahara si kipande cha nyama cha kurushiwa mtu akiketi vizuri. Ni haki ya jasho, imeandikwa katika mapatano. Tena Skinner aliona kwamba njiwa anayepata punje kwa bahati, mara hii ndiyo mara ile siyo, hugonga kitufe bila kuchoka. Ndiyo siri ya michezo ya bahati inayowamaliza vijana kwa simu zao. Na ndiyo siri ya fomeni anayegawa ovataimu kwa kupenda kwake: watu hushinda mlangoni pake wakimchekea, kila mtu akitumaini leo ni yeye. Ovataimu na iende kwa zamu, kwa orodha iliyobandikwa mahali pa wazi.

Na kuna tofauti ambayo hakuna filimbi iwezayo kuiondoa. Mbwa haulizi kwa nini. Mtu huuliza, na ana haki ya kujibiwa. Anayetaka tufuate kanuni mpya na aje atueleze sababu yake, kisha atusikilize.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekata shauri hivi. Mwanachama akileta habari ya breki mbovu, taruma lililooza, taa isiyowaka au jambo lolote la hatari, mjumbe ataiandika saa ile ile, atampa nakala, na atamshukuru mbele ya wenzake, hata kama baadaye itaonekana breki ilikuwa nzima. Hatutangoji mkutano wa mwisho wa mwezi, kwa maana shukrani iliyochelewa haifundishi kitu. Kwa waajiri tutapeleka neno moja: asipewe mtu barua ya kujieleza kwa sababu ya kutoa habari ya hatari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi aseme aonapo hatari. Na mahali penye watu ishirini au zaidi yataka pawe na kamati ya usalama, wafanya kazi wakiwa na wajumbe wao ndani yake. Palipo na kamati kwa jina tu, tuandikieni.

Vitabu vya ripoti viko kwa karani wa tawi. Kila mjumbe achukue chake kabla ya tarehe 15, na aje na kalamu yake mwenyewe, maana za ofisini zimekwisha.