Tusiwafungie Watoto Mlango wa Kompyuta



Ndugu Waislamu, yako maneno yanayozunguka vibarazani mwetu, kutoka Mbagala na Tandika kule Temeke hata Mwananyamala kule Kinondoni: ati somo la kompyuta katika shule za sekondari litawaharibu watoto, na hasa mabinti. Na kwa kuwa somo lenyewe ni la hiari, mzazi humwambia mwanawe, "Liache hilo, chagua jingine." Kisha hudhani kwamba amehifadhi dini. Sisi twasema hakuhifadhi dini, amehifadhi ujinga.

Hebu tuzipime hoja zao.

Kwanza, wasema kompyuta ina fitna. Hatukatai, fitna ipo. Lakini tuulizane bila ya kuoneana haya: fitna hiyo imo darasani, au imo nyumbani? Darasani mtoto hukaa mchana, pamoja na wenziwe, mbele ya mwalimu, akafunzwa sehemu za mashine, kuandika barua, kupanga hesabu katika majedwali, na kuiamrisha mashine kwa utaratibu. Nyumbani, baba yule yule aliyekataza somo amenunua simu ya kupangusa, na binti hulala nayo chini ya mto hata usiku wa manane, wala hapana aulizaye anatazama nini. Huku ni kumkataza mtoto kufundishwa kuogelea, kisha kumwacha peke yake kwenye kina cha bahari.

Pili, wasema hii ni elimu ya wageni. Je, wamesahau sira? Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badri, mateka waliojua kuandika waliachiwa huru kwa kuwafundisha watoto wa Madina, na walimu hao hawakuwa Waislamu. Na Zaid bin Thabit aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi. Tena ule utaratibu wa hatua kwa hatua, ambao ndio roho ya kompyuta, wataalamu wauita algorithimu. Na neno hilo latokana na jina la Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Twakimbia mali ambayo mkono wetu umo ndani yake!

Tatu, wako wasemao tungoje kwanza. Nchi yetu iliwahi kungoja. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mitambo hiyo kutia hasara, Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Je, kompyuta zilikoma duniani? La hasha! Zilizidi, nasi tukabaki nyuma, hata sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ikatoka mwaka 2003. Marufuku iliyoishinda dola, wewe mzazi utaiweza?

Na hasara yenyewe twaiona kwa macho. Leo matokeo ya Baraza la Mitihani, maombi ya chuo na maombi ya Bodi ya Mikopo hupitia kwenye intaneti. Asiyejua huenda steshenari, akampa mtu baki vyeti vyake, tarehe ya kuzaliwa na hata neno lake la siri. Ikikosewa tarakimu moja, anayekosa mkopo ni yeye, si mwenye duka. Na binti aliyenyimwa somo kwa ajili ya stara ndiye huyo anayekaa bega kwa bega na kijana wa steshenari, akimsomea siri zake. Iko wapi hiyo stara?

Basi, wazazi, waacheni watoto wasome, wa kiume na wa kike. Simu za nyumbani ziwekeeni saa, na usiku zilale chumbani kwa mzazi. Na pale ambapo somo hufundishwa kwa chaki tu kwa kukosa mashine, tusikae tukalalamika. Sisi twachangishana kwa pilau na mapambo ya shughuli moja ya siku moja. Hatushindwi kuchangia mashine mbili tatu kwa shule ya mtaa wetu, watoto wakazitumia miaka.

Mtoto hulindwa kwa elimu na adabu pamoja. Anayemnyima elimu amemwacha bila silaha, na vita viko mlangoni.