Kuchi asipotee Mombasa
Jioni za Mei pale ufukweni Mama Ngina, kusi ikivuma kutoka baharini na mvua ya masika ikitukimbiza, wafugaji tukikutana kwenye mihogo ya kukaanga hatuna hadithi ila kuku. Wengi sasa wanawasifu kienyeji walioboreshwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Naivasha: wanataga sana, wanakua upesi. Kweli, nami ninao. Lakini kuwamaliza kuchi ili kuwapisha hawa, sikubali kabisa. Kuchi ni mbegu ya pwani yetu: miguu mirefu, kilemba kifupi, shingo wima, na jogoo wake ana nyama haswa.

Wanaodai hawezi baridi kwa uhaba wa manyoya, watazame banda kwanza. Langu nimeliziba kwa magunia upande wa kusini, sakafu nimeiinua kwa matofali, na maranda yakilowa nayatoa siku hiyo hiyo. Juu ya kuta nimeacha wazi hewa ipite. Harufu kali ya kinyesi ikijifungia ndani, mafua hayako mbali. Ugonjwa wa kideri nao hauchagui mbegu. Chanjeni kabla ya mvua, majirani mkichanga pamoja, maana chupa moja hutosha kuku wengi na chanjo ikishachanganywa haiwekwi.