Mtu Atakaye Kumwona Chui

Watu wengi waendao Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, hudhani ya kuwa azungukaye sana kwa motokaa ndiye atakayewaona wanyama wakali. Dhana hii si kweli. Simba aweza kulala karibu saa 20 katika siku moja, na rangi yake ni kama ya majani makavu. Apitaye mbio humpita karibu kabisa asijue.

Afadhali mtu aondoke alfajiri, wakati simba wangali wakitembea, au wanaota jua juu ya majabali. Kisha afikapo kando ya mto Seronera, penye miti mikubwa, na azime motokaa akae kimya. Hapo wa kumwonyesha chui ni wengi, nao ni wale wale ambao chui huwala. Tumbili amwonapo chui hupiga kelele isiyo sawa na ile ya kumwogopa tai wala ile ya nyoka. Swala pala nao wakisimama wote, wakikaza macho upande mmoja na kukoroma, basi huko liko jambo. Ndipo atazame matawi ya migunga na miegea. Asiutafute mwili wa chui, maana madoa yake huchanganyika na vivuli vya majani. Autafute mkia, ambao mara nyingi huning'inia wazi.

Duma hana taabu hiyo. Huwinda mchana, tena hupenda kupanda juu ya kichuguu ili aone mbali. Lakini motokaa moja ikisimama, nyingine huja mbio na kumzunguka, na swala wakishtuka mapema, watoto wa duma watalala na njaa. Jambo hili si dogo. Kaskazini ya Serengeti, katika Maasai Mara nchini Kenya, uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha ya kuwa duma wa kike wakaao penye watalii wengi hukuza watoto wachache sana kuliko wale wakaao penye watalii wachache.

Kwa hiyo dereva akataaye kusogea karibu hastahili kunung'unikiwa na wageni wake. Huyo ndiye ajuaye kazi. Wakimtazama duma kwa darubini kutoka mbali, saa moja au mbili, huenda wakamwona akinyatia, akikimbia, kisha akihema kando ya windo lake, naye akiwaita watoto waje kula.