Dogo Kafungua Databesi, Hajaiba: Msimchafue Mtu kwa Sheria Mliyojitungia

Haya wadau, wiki hii povu limetoka kweli. Kuna dogo mmoja wa hapa mjini, jina naliacha maana anayemjua anamjua, kamfunga jamaa mwenye wafuasi kibao kwenye chesi ya mtandaoni. Siyo ile ya dakika 10. Ni ile ya siku 3 kwa kila hatua, unacheza leo, mwenzako anajibu keshokutwa. Mechi ilipoisha jamaa akamuuliza inboksi ule mwanzo kautoa wapi. Dogo akajibu bila kuficha kwamba aliangalia databesi. Skrinishoti ikarushwa, komenti zikamiminika: mwizi, tapeli, afungiwe!

Mimi nasema dogo hajaiba kitu.

Tuelewane kwanza. Databesi ya chesi ni hifadhi ya mechi zilizokwisha kuchezwa, mamilioni. Unapanga kete kama zilivyo kwenye ubao wako, inakuonyesha wakali walicheza nini walipofika hapo, wangapi walishinda na wangapi walitoka sare. Haifikirii, inakumbuka tu. Injini ndiyo inayopiga hesabu na kukuambia cheza hivi. Hivyo ni vitu viwili, ila kwenye komenti watu wamevipika chungu kimoja.

Hii chesi ya polepole haikuanza na simu. Ilichezwa kwa posta, kadi zinasafiri, mechi moja inakula hata miaka. Mtu yuko kwake siku kadhaa na kabati lake la vitabu, utamzuia vipi asifungue? Ndiyo maana vitabu vikawa ruksa, na databesi ni kitabu kilichonenepa tu. Lichess wanaruhusu databesi za mwanzo wa mechi kwenye mechi za aina hii, injini hapana. Chess.com nao hivyo hivyo kwenye mechi zao za siku. ICCF, shirikisho la dunia la chesi ya barua lililoanzishwa 1951, wamekwenda mbali zaidi, kwao hata injini ruksa. Matokeo yake kule juu sare zimejaa mpaka ushindi mmoja unakuwa habari.

Mezani ni dunia nyingine. Saa inakimbia, mpinzani yuko mbele yako, una kichwa chako tu. Sheria za FIDE zinakataza kusoma maandishi au kupokea ushauri mechi ikiendelea, na simu ndiyo kabisa. Julai 2019, Strasbourg, Ufaransa, grandmaster mmoja alinaswa na simu chooni katikati ya mashindano. Mwaka huo huo FIDE wakamfungia miaka 6 na kumvua cheo. Huyo sawa, mwiteni mnavyotaka. Alikaa kwenye meza yenye sheria inayojulikana, akaivunja kwa kujificha.

Halafu tuambiane ukweli, hao wa mezani nao databesi wanaifungua. Usiku kabla ya mechi wanachimba mechi za mpinzani: anapenda kuanza na nini, anachemka wapi. Asubuhi wanaiacha hotelini. Kwa hiyo ugomvi siyo databesi ni halali au haramu. Suala ni mlango unafungwa saa ngapi. Mezani unafungwa saa ikianza kuhesabu. Kwenye chesi ya siku 3 unabaki wazi, kwa wote wawili. Jamaa naye angeweza kuingia, hakuingia.

Wengine wanasema, "Basi hapo hata mimi ningeshinda." Jaribu. Databesi ina mwisho. Mkifika hatua ya 12 au 15 hivi, mechi yenu inakuwa mpya, haijawahi kuchezwa na mtu, na hapo unabaki mwenyewe. Tena hatua yenye ushindi mwingi inaweza kukuingiza chaka, kwa sababu watu waliicheza miaka wakishinda, kisha mmoja akagundua dawa yake. Usiyejua kusoma utaifuata mpaka shimoni.

Kuna hoja moja naiheshimu: kama walikubaliana mapema kucheza kichwa kwa kichwa, dogo kavunja ahadi. Lakini kwenye skrinishoti zote zilizorushwa sijaona makubaliano hayo. Walibonyeza, wakaanza. Hapo sheria ya ukumbi ndiyo makubaliano.

Kinachoniuma ni kwamba dogo anafundisha watoto wa mtaani kwao chesi kila Jumamosi, na wazazi nao wako mtandaoni. Neno "mwizi" likishaandikwa na mtu mwenye wafuasi wengi, halifutiki kwa kufuta posti. Jamaa amepoteza mechi moja tu. Dogo anaweza kupoteza wanafunzi wote kwa kosa ambalo halipo.

Jamaa amwombe radhi dogo palepale alipomchana, mbele ya watu walewale. Na nyie, kabla hujamwita mtu mwizi soma sheria, ni dakika 2 tu. Mnaobisha nawasubiri kwenye komenti, ila njooni na sheria.