Wazee Waulizwe Wangali Hai

Mitaala mipya ya shule iliyoanza kutumika mwaka 2024 imelifanya somo la Historia ya Tanzania na Maadili kuwa la lazima, nalo lafundishwa kwa Kiswahili hata katika sekondari. Twaupongeza uamuzi huo bila ya kinyongo. Kwa miaka mingi kijana wa Kilwa au wa Songea alisoma kwa Kiingereza habari za vita vya Maji Maji, vita walivyopigana babu zake mwenyewe, na mara nyingi alichotoka nacho darasani ni orodha ya sababu sita au saba za kushindwa, alizozikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuzisahau kesho yake.

Lakini orodha ile ile yaweza kukaririwa kwa Kiswahili, tena kwa urahisi zaidi. Kijana wa kidato cha tatu ana umri wa kutosha kuuliza: jambo hili lilijulikanaje? Ni nani aliyelisimulia, na alikuwa na maslahi gani? Ni nani ambaye hakuulizwa?

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na walimu wao, walikwenda vijijini kuwahoji wazee juu ya Maji Maji. Hadi wakati huo sehemu kubwa ya maandishi ilikuwa imetoka kwa watawala wenyewe. Gavana von Götzen, aliyeviendesha vita hivyo, aliandika kitabu chake. Wazee nao walieleza yao: shamba la pamba la lazima, ujira usiofaa kitu, viboko vya akida, na jinsi Wamatumbi walivyoing'oa pamba mwezi wa Julai 1905. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 siku zile alikuwa anakaribia 80. Wanafunzi wale wangengoja miaka kumi zaidi, wengi wa wazee hao wangekwisha kuzikwa na habari zao.

Nasi leo twangoja nini? Wafanyakazi wanajua, au wangepaswa kujua, kwamba mgomo mkuu wa Septemba 1947 ulianza bandarini Dar es Salaam ukapanda na njia ya reli kwenda bara. Waliogoma wamekwisha kututoka, na yale ambayo hayakuandikwa wamekwenda nayo. Kijana hujifunza kwamba Rashidi Kawawa alikuwa Waziri Mkuu. Ni wachache wanaoambiwa kwamba kabla ya hapo alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika lililoundwa mwaka 1955. Hata hivyo waliochimba mahandaki ya reli ya TAZARA baina ya Mlimba na Makambako katika miaka ya 1970 wangali wapo, baadhi yao wakiishi karibu na reli ile ile. Wapo askari wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Wapo akina mama waliohamishwa katika Operesheni Vijiji.

Hapa hatuna budi kusema wazi, ijapokuwa sisi ni gazeti la chama. Mwaka 1973 serikali ya TANU iliamuru kwamba kuishi vijijini kuwe ni lazima kwa wote ifikapo mwaka 1976. Mamilioni walihama. Shule, zahanati na visima viliwafikia watu ambao hawakuwa navyo; na zipo sehemu ambako nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi, na watu wakaachwa mbali na mashamba yao. Mwalimu akisimulia nusu moja tu, mwanafunzi ataisikia nusu ya pili jioni kwa bibi yake, na kuanzia siku hiyo hatamwamini mwalimu wala kitabu. Mwezi wa Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na wakoloni wa Kijerumani. Tuliona ni haki yetu kuambiwa ukweli ule. Twawezaje basi kuwanyima watoto wetu ukweli ulio mdogo kuliko huo, na ulio wetu wenyewe? Neno maadili limo katika jina la somo, nasi hatulipingi, ila somo lisigeuzwe mahubiri.

Twajua shida za walimu. Darasa ni kubwa, vitabu havitoshi, na mwalimu hupimwa kwa matokeo ya mtihani. Kwa hiyo twaliomba Baraza la Mitihani liweke swali ambalo halijibiki kwa kukariri: mwanafunzi apewe masimulizi mawili yanayopingana juu ya tukio moja, ayapime, atoe hukumu yake na sababu zake. Swali la namna hiyo likiisha kuonekana katika karatasi, walimu watalifundisha bila ya kuhimizwa.

Matawi ya chama na ya vyama vya wafanyakazi nayo yana kazi. Yaandike majina ya wazee wastaafu wa bandari, reli, viwanda na mashamba ya mkonge walio tayari kuhojiwa, na kuyapeleka kwa walimu wakuu wa sekondari za karibu kabla ya likizo ya Juni. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni Vijiji sasa amevuka 70.