Tunawafundisha mafundi kutudanganya

Katika nchi yetu fundi wa magari anayesema ukweli anapata hela kidogo kuliko anayedanganya, na wa kwanza kulaumiwa kwa hilo ni sisi wenye magari. Nasema hivyo nikiwa na gari langu mwenyewe, Toyota IST ya injini ya 1NZ, inayonipeleka kazini hapa Morogoro ninakofundisha fizikia sekondari, na kunifikisha kwetu Iringa shule zikifungwa. Ni mwanamke, kwa hiyo nikiingia gereji ambayo hawanijui, swali la kwanza huwa baba yuko wapi, na la pili nina bajeti ya shilingi ngapi. Hilo la pili linanikera zaidi, maana huulizwa kabla boneti haijafunguliwa.

Tazama jinsi tunavyolipa. Gari linagonga mguu wa mbele kila likipita kwenye tuta. Fundi mkweli anatandika boksi lake chini, anaingia uvunguni, anatikisa hiki na kile, anasikiliza, mwisho anagundua nati ya stabilaiza imelegea. Anaikaza. Anasema, "Mama, nipe elfu kumi." Hapo ndipo tunapokuja juu: elfu kumi kwa kukaza nati moja? Tunampa elfu tatu na kuondoka tukiona tumeponea chupuchupu. Fundi wa pili hata uvunguni hakai sana. Anaandika shokapu mbili, bushi na boljointi, anakwenda dukani mwenyewe, anaweka cha juu kwenye kila kifaa, kisha ufundi anautoza bei ya chini. Na kwa kuwa lazima afungue na kufunga, ile nati nayo inakazwa. Mlio unaisha. Tunarudi nyumbani na maboksi mapya kama ushahidi, na jioni tunampa jirani namba ya huyu wa pili.

Miaka ikienda hivyo, yule wa kwanza atafanya nini? Ana watoto wanaokula kama wa mwenzake. Ama ataacha kazi, ama atajifunza kuandika orodha ndefu.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hukubali kulipa bei ya katikati tu, na mwenye gari zima, akiona bei hiyo haimlipi, hujitoa sokoni na kuwaachia wenye magari mabovu. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya sababu za yeye kushirikishwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Nikiwaza gereji zetu naona habari ileile, ila huku kinachouzwa ni ukweli wa fundi, na sisi wanunuzi hatuna jicho la kuutambua.

Ndiyo maana nazifanya kazi ndogondogo za gari langu mwenyewe, na nawashawishi walimu wenzangu, hasa wanawake, wafanye hivyo. Ubishi wa vijiweni kuhusu jambo hili huishia kwenye hela: je, unaokoa kiasi gani ukimwaga oili mwenyewe? Unaokoa kidogo sana. Ukihesabu jeki, stendi, spana na karai la kukingia oili, mwanzoni unatumia zaidi. Ninachokipata ni kingine kabisa. Nikishafungua boneti yangu mara nyingi, nikajua rangi ya kulanti yangu ilivyo siku zote na sauti ya feni ikiwaka, fundi akiniambia jambo naweza kulipima.

Wakati fulani gari lilianza kuchemsha. Gereji moja niliyoelekezwa na jamaa waliniambia gasketi ya silinda hedi imeungua: injini ifunguliwe, hedi ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine, ziletwe gasketi na boliti mpya. Bei niliyotajiwa ilikaribia mshahara wangu. Nikawauliza mmepima nini? Hawakuwa wamepima chochote. Gasketi ikiungua kuna dalili zake: povu kwenye rejeta injini ikiunguruma, moshi mweupe usiokata nyuma, oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Gari langu halikuwa na hata moja.

Nililirudisha nyumbani na kuliwaza kama ninavyowataka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wawaze kuhusu usafirishaji wa joto. Lilichemsha lini? Kwenye foleni ya Msamvu, na nilipomsubiri mtu huku injini ikiunguruma. Nikienda Mikumi kwa mwendo wa barabara kuu, halichemshi. Gari likiwa mwendoni upepo wenyewe unapita kwenye rejeta na kuchukua joto. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Nikawasha AC, kwa sababu kwenye magari mengi ya aina hii AC ikiwaka feni nayo huzunguka. Feni kimya. Nikafungua boksi la fyuzi chini ya boneti: fyuzi nzima. Karibu yake kuna rilei kadhaa, na moja ilikuwa na namba ileile na ya feni. Nikazibadilisha nafasi, nikawasha tena, feni ikaanza kuvuma. Rilei mpya niliinunua dukani siku hiyohiyo na gari likaacha kuchemsha.

Sisimulii haya ili ionekane nawazidi mafundi. Fundi yeyote anayeijua kazi yake angefika kwenye ile rilei haraka kuliko mimi. Hasira yangu ni kwamba aliyenipokea hakuona sababu ya kuitafuta. Kuitafuta kungemchukua saa nzima ambayo hakuna mteja angeilipia, na rilei yenyewe haina cha juu cha maana. Injini kufunguliwa kuna hela.

Oili nayo ina mambo. Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Madukani oili inauzwa kwa galoni ya lita 4, na gereji nyingi galoni yote inamiminwa, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu mteja akiona kimebaki kidogo anahisi kaibiwa. Kibaya zaidi ni ile imani kwamba nchi ya joto inataka oili nzito, hivyo injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 inapewa 20W-50. Ndani ya injini hizi kuna vijia vyembamba, na mfumo wa VVT-i unaoongoza valvu unaendeshwa kwa presha ya hiyohiyo oili. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, oili nzito inachelewa kufika inakotakiwa. Imani hiyo ya nchi ya joto ndiyo iliyowafanya watu wengi wang'oe themostati. Injini iliyong'olewa themostati hukaa chini ya joto lake la kazi, inakula mafuta zaidi na kulika upesi, na mwenye gari anafurahi kwamba mshale haupandi. Kitabu cha gari kinayaeleza yote haya. Cha kwangu kilikuja kwa Kijapani, lakini namba za oili ni zilezile kwa lugha yoyote.

Kuna kazi ambazo sizigusi, na ningependa anayenifuata asiivuke mipaka hiyo. Siingii chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Sifungui springi za shokapu, kwa kuwa springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Sigusi eabegi. Mwenye Prius au haibridi nyingine ajue kwamba nyaya zile za rangi ya chungwa zinabeba umeme wa betri kubwa, ambayo kwenye Prius nyingi zilizoko barabarani inazidi volti 200. Hapo hapana majaribio ya nyumbani.

Breki nazo ni za fundi, ila jicho langu linabaki palepale. Anayetoka Iringa kuja Morogoro lazima ateremke Kitonga. Ule mteremko ni somo la nishati: uzito wote wa gari na mizigo unashuka, na ukitegemea breki tupu, nishati hiyo inageuka joto kwenye diski na kwenye pedi, kisha inaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzi 205 au zaidi. Lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na yakishaunyonya kiwango hicho kinaweza kushuka hadi kwenye 140. Yakichemka yanatoa mapovu ya gesi. Gesi inabanika, mafuta hayabaniki, na hapo pedali inakwenda mpaka sakafuni bila gari kushika. Kwa hiyo nikiwa nyumbani natazama chupa ya mafuta ya breki: kimo kimeshuka, rangi imekuwa ya kahawia? Nikiona hivyo naenda kwa fundi na kumwambia nataka mafuta yote yabadilishwe na hewa itolewe magurudumu yote manne. Anafanya yeye. Mimi nasimama pembeni, na huwa sioni haya kusimama pembeni.

Mfano mwingine wa swali linalookoa gari: giaboksi. Magari mengi yanayoletwa kutoka Japani sasa yana giaboksi ya CVT, ambayo ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Inataka oili yake maalumu. Ukiitia ATF ya kawaida, mkanda unaanza kuteleza na giaboksi inakufa. Kuibadilisha oili hiyo mwenyewe si lazima. Ila ukijua gari lako ni CVT na ukamuuliza fundi anaweka oili gani, jibu lake litakuonyesha uko mikononi mwa nani.

Naambiwa, mwalimu, wewe una mshahara, kwa nini unamnyima kijana wa watu riziki ya kumwaga oili? Hoja hiyo naiheshimu. Mafundi wetu wengi wamejifunza kazi wakiwa wadogo, wakishika tochi na kuosha vyuma kwa petroli, na wapo wanaoitambua injini kwa kuisikiliza tu. Lakini riziki yao nzuri haitatokana na mimi kutojua gari langu. Fundi wangu wa siku zote, hapa Kihonda, ananiona mara chache kuliko zamani, na kila nikienda namlipa zaidi. Nikimpelekea kazi nampa maelezo: inagonga ikiwa baridi, inanyamaza ikipata moto, nimeshabadilisha plagi, koili sijagusa. Anasema wateja wa namna hiyo hawachoshi. Spea nanunua mwenyewe na risiti nachukua. Kilichotolewa nakiomba mkononi, kwa adabu, na yeye huwa ameshakifungia kwenye gazeti. Halafu ufundi namlipa bei anayotaja, ikiwemo ile saa ya kutafuta tatizo, hata akija kuniambia hakuna kitu cha kununua. Siku akiniambia hivyo ndiyo siku ninayoona amenihudumia kuliko zote.

Ningependa tuanzie hapo kama nchi ya watu wenye magari ya mtumba. Ukaguzi uwe na bei yake, iandikwe ukutani gereji, na tuilipe bila kubembelezana. VETA ina vyuo nchi nzima, na inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Hilo ni jema kwa upande wa fundi. Upande wa mwenye gari hauna chochote. Chuo kama cha Kihonda kingeweza kufungua karakana yake Jumamosi kwa watu kama mimi, tukafundishwa kupima oili, kusoma namba zilizoandikwa kwenye tairi, kutambua CVT na kuweka stendi mahali pake, nasi tukalipa ada. Na sekondari ambazo sasa zina mkondo wa amali, gari moja bovu lililoegeshwa uwanjani lingefundisha presha, joto na umeme vizuri kuliko michoro yangu ubaoni.

Nimemwambia fundi wangu habari ya kuandika bei ya ukaguzi ukutani. Anasema akiandika leo, kesho wateja watahamia kwa jirani asiyetoza. Huenda ni kweli, kwa mwezi wa kwanza. Nimemwahidi kumletea walimu wenzangu wanaoendesha magari, na nimekwisha kuwaambia watakachokuta: fundi atakayewatoza hela kwa kufikiri.