Land Rover Kuukuu, Injini Mpya: Lugha ya Gereji na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwakemea wanaovutwa na mambo mapya. Hata hivyo, katika gereji za jua kali mjini Machakos ipo kazi inayoitatiza methali hiyo. Fundi huletewa Land Rover iliyoundwa kabla yeye hajazaliwa, akaombwa airudishie uhai. Hatupi mbacha wala hakatai msala. Hukata kipande cha msala akakishonea kwenye mbacha. Injini ya petroli iliyochoka hung'olewa, na mahali pake pakatiwa ya dizeli iliyotoka katika gari la Kijapani. Breki hubadilishwa, taa hubadilishwa, nyaya hupitishwa upya. Gari huondoka gerejini likiwa na sura ya mwaka 1972 na moyo wa mwaka 2000. Je, hiyo bado ni Land Rover?

Wapo wanaolipuuza swali hili kwa kudai kwamba ni la makanika na matajiri wenye fedha za kuchezea. Makala haya yanashikilia kinyume. Swali hilo ni la kila anayeshughulika na kitu alichorithi na ambacho hana budi kukitumia leo, na miongoni mwa watu hao wanakiswahili ni wa kwanza.

Ikumbukwe kwamba Land Rover yenyewe ilizaliwa kutokana na uhaba. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza jijini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa ingali inauguza majeraha ya Vita vya Pili vya Dunia na chuma kilikuwa adimu. Kwa hiyo bodi iliundwa kwa mchanganyiko wa alumini, ilhali chasi ilibaki ya chuma. Baada ya muundo wa kwanza ulikuja wa pili mwaka 1958, kisha wa tatu mwaka 1971. Jina Defender lilitolewa mwaka 1990, na gari la mwisho la ukoo huo likaundwa Solihull tarehe 29 Januari 2016. Hapa Kenya magari hayo yaliunganishwa katika kiwanda cha Leyland mjini Thika, kwa hivyo si haba yaliyo wenyeji wa nchi hii kuliko wanavyodhani wanaoyaita magari ya mkoloni. Yalimbeba bwana shamba, askari, padre na daktari. Yalipostaafu serikalini yaliuzwa kwa mnada, yakaanza maisha ya pili ya kubeba mahindi, mbuzi, maji na maharusi.

Machakos ina sababu zake za kuyahifadhi. Hewa yake ni kavu, na chasi ya chuma huko haitafunwi na kutu kwa kasi inayoshuhudiwa Mombasa, ambako chumvi ya bahari haina huruma. Milima ya Iveti na Mua haijaacha kuhitaji gari lenye miguu minne inayovuta. Nairobi iko karibu, na kwa wauza vipuri wa Grogan hupatikana karibu kila kitu kwa anayejua kuuliza. Fauka ya hayo, Wakamba wana historia ndefu ya kazi za mikono: ufuaji wa chuma na minyororo tangu kabla ya ukoloni, na uchongaji wa vinyago ulioifanya Wamunyu kuwa jina linalojulikana ng'ambo. Kijana anayekunja bati la alumini kwa nyundo ya mbao hakuokota ujuzi huo barabarani tu.

Sasa itazamwe kazi yenyewe. Injini ya petroli ya Land Rover ya muundo wa tatu ina ujazo wa lita 2.25 na nguvu za farasi wapatao 70. Inakunywa sana na kukimbia kidogo. Fundi anapoiweka injini ya dizeli, hukuta kwamba matundu ya bolti hayalingani na yale ya gia boksi. Hulazimika kuchonga sahani nene ya chuma ya kuunganishia, na sahani hiyo ikikosea kwa unene wa ukucha, shafti hukaa upande na beringi hufa mapema. Vikalio vya injini huchomelewa upya kwenye chasi. Propela shafti hukatwa au kurefushwa, kisha hupimwa isije ikatetemesha gari zima. Rejeta ya zamani huenda isitoshe kuipoza injini mpya.

Haya yote huonekana kwa macho. Lisiloonekana ni kwamba nguvu ikiongezwa mbele, udhaifu huhamia nyuma. Shafti za ekseli ya nyuma za Land Rover za zamani zinajulikana kwa kukatika hata chini ya injini yake ya asili. Zikibebeshwa nguvu ya injini ya turbo hukatika mlimani, gari likiwa na mzigo. Vilevile breki. Gari liliundwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne, zilizokusudiwa mwendo wa enzi zile. Anayeweka injini ya kulikimbiza gari hilo kilomita 110 kwa saa katika barabara ya Mombasa bila kugusa breki hakukarabati gari, ametega mtego. Fundi mwenye busara huanza na breki, akaja kwenye usukani, ndipo akagusa injini. Wateja wengi hutaka mpangilio uwe kinyume, kwa sababu injini ndiyo inayosikika na jirani.

Katika mjadala huu zipo kambi mbili. Ya kwanza ni ya watetezi wa uasilia, wanaoamini kwamba kila nati lazima iwe ile iliyotoka kiwandani. Hoja yao haikosi mashiko: gari ni kumbukumbu, na kumbukumbu iliyobadilishwa haisemi tena ukweli. Lakini uasilia wao ni wa gari lililoegeshwa. Land Rover ambayo haiendi sokoni Masii siku ya soko imehifadhiwa jinsi mdudu anavyohifadhiwa ndani ya chupa. Kambi ya pili ni ya wale wasiojali lolote mradi gari liende. Hawa hukata chasi, hubandika kichwa cha gari jingine, na wakati mwingine hawajishughulishi hata kuandikisha injini mpya kama sheria inavyotaka. Matokeo yake ndiyo ambayo Kiswahili kimeyapa jina lisilo na adabu lakini sahihi: mkweche.

Baina ya kambi hizo ndipo aliposimama fundi hodari, naye ndiye anayestahili kuungwa mkono. Anajua kipi kisiguswe: chasi na nambari yake, umbo la bodi, jinsi gari linavyokaa juu ya springi zake. Anajua pia kipi kinaweza kubadilishwa bila gari kupoteza nafsi yake. Mambo hayakuishia kwenye dizeli. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 jijini Nairobi na ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, iliwahi kung'oa injini katika magari ya kubebea watalii ikaweka mota za umeme. Wanyama hawakulalamika.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Asikilizwe fundi huyo anapozungumza na mwanagenzi wake. Atataja difu, klachi, gasketi, pistoni, nozeli, shokomzoba. Atasema injini imenoki, gari linakula oili, breki zinataka kutolewa hewa. Mhafidhina wa lugha akipita hapo ataziba masikio. Lakini haohao mafundi wanashika usukani, neno lililotoka jahazini. Wanakaza parafujo, iliyoachwa na Wareno. Wanasema gari, lililotoka Bara Hindi, na hakuna anayelikumbuka kuwa mgeni. Kitenzi kunoki kimeshapata kila kiungo cha sarufi ya Kibantu: imenoki, haijanoki, ilinokishwa na dereva. Kama injini ya Isuzu ndani ya Land Rover, neno limeingizwa kwa sahani ya kuunganishia, nayo sahani hiyo ni mofolojia. Watetezi wa uasilia wa lugha wangetaka kinyume: kila kipuri kipewe neno lililofinyangwa upya mezani. Kenya imeyaona mavuno ya mtindo huo. Tarakilishi inafunzwa shuleni, huku kompyuta ikitumiwa na mwalimu huyohuyo akitoka darasani.

Si kwamba kuunda upya ni dhambi. Tovuti na barua pepe ni maneno yaliyoundwa, nayo yamekita mizizi. Tatizo ni kuunda bila kumtazama atakayetumia. Chuo kikuu kina somo la karibu juu ya hilo. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani Kasarani. Yalikuwa na wahandisi hodari na nia njema, lakini hayakufika sokoni. Miaka hiyohiyo mafundi wa jua kali, bila karatasi yoyote ya michoro, waliendelea kuyatia uhai mapya magari waliyoyakuta. Serikali yenyewe ilikuja kuitambua sekta yao katika Waraka wa Bunge Nambari 2 wa mwaka 1992.

Madhara ya kuipuuza lugha ya gereji si ya kinadharia. Mwanagenzi wa Machakos hujifunza kwa sikio na jicho. Anachokijua kuhusu mpangilio wa breki kabla ya injini kimo kichwani mwa fundi mzee, na fundi mzee akizikwa kinazikwa naye. Vitabu vya matengenezo vimeandikwa kwa Kiingereza. Mitihani ya madaraja ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda nayo huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa lugha hiyohiyo. Matokeo yake ni kijana anayeweza kuifungua gia boksi na kuifunga gizani, lakini hana cheti kwa sababu hakulielewa swali. Hilo hutokea katika nchi ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi ambao haufiki chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki ni urasmi wa karatasi.

Anayedhani kwamba lugha ya mfanyakazi haiwezi kuwa lugha ya taaluma na aende mashambani palepale Machakos. Matuta yaliyoyaokoa mashamba ya Wakamba dhidi ya mmomonyoko, ambayo hujengwa kwa kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, yanaitwa fanya juu. Istilahi hiyo, iliyotokana na amri fupi ya kazini, imo leo katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo, pamoja na mwenzake fanya chini, na wataalamu wa nchi za mbali huitumia bila kuitafsiri. Jua kali nayo imo katika maandishi ya wanauchumi wa kimataifa. Hakuna kamati iliyoketi kuyaunda maneno hayo. Yaliandikwa tu, na aliyeyaandika mara nyingi hakuwa mwanakiswahili, jambo ambalo lapaswa kuwaudhi kidogo walimu na wanafunzi wa somo hili.

Mazingira ya kuanzia yapo. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake mwaka 2016, kilichipuka kutoka chuo cha ufundi. Mwanafunzi wa lugha na mwanafunzi wa uhandisi hupita lango moja. Badala ya tasnifu nyingine juu ya dhamira katika tamthilia ambayo imeshachambuliwa mara arubaini, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho angeifuata Land Rover moja tangu siku inapofika ikivutwa hadi siku inapojaribiwa kwenye mteremko wa Iveti. Angekuwa na daftari na kinasa sauti. Angeandika kila neno, kitu kinachotajwa, aliyelitamka na kama mwenzake analitaja vivyo hivyo. Angepeleka orodha hiyo Arusha, ambako Land Rover zinapendwa kiasi cha kuandaliwa tamasha mnamo Oktoba 2024, akaona ni wapi springi inaitwa kamani na ni wapi haijulikani. Kisha angeirudisha Machakos na kuwasomea mafundi fasiri zake, nao wangemsahihisha, tena bila kumwonea haya.

Kidahizo cha kwanza kinaweza kuwa difu. Kamusi ingehitaji kueleza kwamba ni mkusanyiko wa gia katikati ya ekseli unaoyawezesha magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti gari linapokata kona. Fundi angeongeza ambalo kamusi haingelijua: kwamba ikianza kulia dereva anapoachia mafuta tu, na si anapokanyaga, kuna meno ya kutazamwa kabla mteja hajalipishwa difu nzima.